Mchonga Nyuso wa Viminakio

Ndevu za huyu wa sasa ni fupi, ndevu za kambini.
Nilizidonoa kwa ncha ya patasi, nukta kwa nukta,
siku mbili, jicho moja nimelifumba.
Wa kabla yake alikuwa na shavu la mtu aliyeshiba.
Wa kabla ya huyo sikummaliza:
habari ilifika nikiwa bado kwenye sikio.

Nachonga kinyume. Kulia ni kushoto,
herufi zinatembea kama kaa,
na shimo ndilo litakalokuwa pua.
Miaka kumi na tisa nawazamisha Makaisari ndani ya chuma
wamenipa kisogo,
kisha Skeno huinua nyundo, na kwa pigo moja
wanageuka kutazama watu.
Chuma hakitupwi. Wakifa, twawaparua,
kwa hiyo chini ya kidevu hiki
kuna kidevu kingine, na chini yake kingine.

Upande wa pili huwa ni mwanamke mwenye mizani.
Huyo habadiliki. Anaitwa Haki.
Safari moja tu niliamriwa kumwondoa,
niandike: UAMINIFU WA MAJESHI.
Majeshi yalipomuua yule mwenye shavu
yalilipwa kwa sarafu hiyo hiyo.
Waliojua kusoma
walizitia kibindoni bila kuzisoma.

Baba yangu alikuwa mpiga mivukuto humu humu.
Enzi zake fedha ilikuwa fedha:
ukiidondosha juu ya jiwe, iliita.
Sasa tunamimina shaba, ndoo baada ya ndoo,
na fedha ni chumvi kwenye mboga ya mkata.
Vipande hutoka vyekundu kama fizi.
Twavichemsha katika siki
hadi shaba ya juu iliwe,
ibaki ngozi nyeupe, nyembamba
kuliko utando wa maziwa.
Tembo limetiwa maji,
na sikumbuki ni nani aliyemsifu mgema.

Jana nilikwenda kwa Plaia, muoka mikate.
Nikampa mpya, inayong'aa.
Uso hakuutazama. Aling'oa msumari ukutani
akaupitisha shingoni mwa Kaisari, polepole,
kama anayepara samaki.
Wekundu ukachungulia.
"Hii kazi yako, Daizo?"
Nikasema uso ni wangu, kilichomo ndani si changu.
"Basi mwanao na ale uso," akasema,
akautundika msumari mahali pake.
Nilirudi na mayai manne kutoka bandani,
ndipo akanipa mkate,
na chenji hakuwa nayo, kwani nani
ana chenji ya yai?

Sikumwambia Andena habari za msumari.
Yeye ana saba za baba yangu,
amezishonea ndani ya godoro, upande wa ukutani.
Kuna usiku anapodhani nimelala
hufumua uzi, akachuchumaa kando ya meko,
akazidondosha juu ya jiwe, moja moja.
Hazihesabu. Anazisikiliza.
Sauti ile haina jina la mfalme.
Mimi nalala nimeelekea mlangoni,
nazihesabu kwa niaba yake:
saba, tangu majira ya mavuno, saba.

Juzi zililia sita.
Nikangoja.
Akashona uzi, akajilaza, miguu baridi.
Asubuhi mezani palikuwa na jibini,
na Titua, mwanetu, alikuwa amevaa viatu.
Nilikula. Nilisifu jibini.

Leo kabla ya jua kukausha ukungu wa Danubi
mpanda farasi ameleta nta yenye mchoro:
kidevu kirefu, paji jembamba, mtu mgeni kabisa.
Msimamizi anataka elfu tatu kabla ya mwezi kuandama.
Skeno akauliza, "Huyu naye atakaa?"
Nikaparua ndevu fupi, vumbi lake likanikaa kuchani.
Nikafumba jicho moja.
Nikaanza na sikio.